Dkt. Jimmy Gasore na Hesabu ya Hewa ya Afrika Mashariki

Na Mwandishi Wetu, Kintinku

Kila mwaka ifikapo Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mpunga umekwisha kuvunwa, wakazi wa Kata ya Kintinku wilayani Manyoni, Mkoa wa Singida, huanza kuona moshi kwenye upeo wa macho. Baadhi ya moshi huo hutoka katika mashamba yanayosafishwa kwa moto, mwingine katika nyika iliyokauka, na mwingine katika matanuri ya mkaa. Jua linapotua juu ya bonde, anga hugeuka rangi ya udongo. Asubuhi inayofuata moshi hauonekani tena, na wengi hudhani umekwisha.

Moshi huo haujaisha, umesafirishwa. Katika miezi ya kiangazi upepo unaotawala sehemu kubwa ya Tanzania huvuma kutoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi, yaani upande wa Maziwa Makuu. Upepo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa ukivuma mfululizo unaweza kuvuka takriban kilomita 800 zinazoitenganisha Kintinku na kaskazini mwa Rwanda katika muda unaozidi kidogo siku mbili. Huko, juu ya mlima uitwao Mugogo, jina ambalo masikioni mwa Mgogo wa Kintinku husikika kama la nyumbani, kuna mitambo inayoivuta hewa hiyo na kuipima kila baada ya sekunde chache.

Miongoni mwa watu walioifanya kazi ya mlima huo ijulikane duniani ni Dkt. Jimmy Gasore, mwanafizikia wa Rwanda aliyebobea katika sayansi ya angahewa. Alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) nchini Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwezi Septemba 2023 akateuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa nchi yake. Makala hii inaeleza kazi yake ya utafiti, elimu iliyoizaa, na sababu za kazi hiyo kumhusu mkulima na mfugaji wa Kintinku.

Gesi haba zenye nguvu kubwa

Hewa kavu tunayovuta ina naitrojeni kwa takriban asilimia 78, oksijeni asilimia 21 na agoni karibu asilimia moja. Gesi nyingine zote zikijumlishwa hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Katika makala hii tutaziita gesi haba.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kwa gesi hizi usemi huo ni kweli tupu. Hewa ukaa, ambayo kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa, sasa imezidi sehemu 420. Methani ilikuwa takriban sehemu 720 katika kila sehemu bilioni, na sasa imepita 1,900. Naitrasi oksaidi, inayotokana kwa kiasi kikubwa na udongo uliowekwa mbolea na samadi, imepanda kutoka takriban sehemu 270 hadi zaidi ya 330 katika kila sehemu bilioni.

Viwango hivyo ni vidogo, lakini gesi hizi huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini lisirudi angani. Kilo moja ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Kwa naitrasi oksaidi uwiano huo unakaribia mara 270. Kwa sababu hiyo, ongezeko linaloonekana dogo kwenye karatasi huwa na uzito mkubwa katika mvua, joto na mavuno.

Gesi haba zina kazi nyingine pia. Ozoni iliyo juu, takriban kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, hutukinga dhidi ya mionzi mikali ya jua. Ozoni iliyo karibu na ardhi, inayotengenezwa na mwanga wa jua kutokana na moshi wa magari na wa moto, hudhuru mapafu na kupunguza mavuno. Gesi ni ile ile, lakini mahali ilipo ndipo panapoamua kama ni ngao au ni sumu.

Kemia hii ndiyo iliyowapatia Paul Crutzen, Mario Molina na Sherwood Rowland Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995. Crutzen alionesha jinsi oksidi za naitrojeni zinavyopunguza ozoni ya juu. Molina na Rowland walibaini mwaka 1974 kwamba kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, ziitwazo klorofluorokaboni au CFC, zinafanya uharibifu huo huo. Mwaka 1979 Crutzen na wenzake walichapisha utafiti uliodhihirisha kwamba uchomaji wa misitu na nyika katika nchi za joto ni chanzo kikubwa cha gesi haba duniani. Tangu hapo, moto wa nyika za Afrika ukawa suala la sayansi ya dunia nzima. Vyombo vya kuupima, hata hivyo, vilibaki mbali na Afrika.

Mtandao ulioanza mwaka 1978

Ili kuielewa kazi ya Dkt. Gasore ni lazima kuufahamu mtandao alioingia. Mwaka 1978 kundi la wanasayansi lilianza kupima CFC kwa mfululizo katika vituo vilivyowekwa kwenye pwani na visiwa, mahali ambapo hewa huletwa na bahari bila kuchafuliwa na miji ya jirani. Mtandao huo leo unajulikana kwa kifupisho cha AGAGE, na vituo vyake vya muda mrefu ni pamoja na Mace Head nchini Ireland, Ragged Point nchini Barbados, Cape Matatula huko Samoa ya Marekani na Cape Grim katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Kiongozi wake kwa miongo mingi amekuwa Profesa Ronald Prinn wa MIT, mzaliwa wa New Zealand, ambaye ndiye aliyemsimamia Gasore katika masomo ya uzamivu.

Usahihi unaotakiwa katika kazi hii si wa kawaida. Baadhi ya gesi hupimwa kwa sehemu moja katika sehemu trilioni. Ukitaka kuupata uwiano huo kwa mfano wa muda, ni sawa na kuitafuta sekunde moja ndani ya miaka ipatayo 32,000. Kwa hiyo kila mtambo hulinganishwa mara kwa mara na mitungi ya hewa ambayo viwango vyake vinajulikana, ili namba ya Ireland iweze kulinganishwa na namba ya Australia bila shaka yoyote.

Vipimo hivyo vilimwezesha Profesa Prinn na wenzake kujibu swali gumu: hewa hujisafishaje? Jibu ni chembe iitwayo haidroksili, ambayo huundwa pale mwanga wa jua, ozoni na mvuke wa maji vinapokutana. Chembe hiyo huishi kwa muda usiofika hata sekunde chache, lakini ndiyo inayovunja methani, kaboni monoksaidi na gesi nyingi nyinginezo. Kwa kuwa haikamatiki kirahisi, watafiti waliifuatilia kupitia kemikali ya viwandani iitwayo methili klorofomu, ambayo kiasi kilichotengenezwa duniani kilijulikana. Kasi ya kutoweka kwake hewani ilionesha nguvu ya haidroksili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba haidroksili hupatikana kwa wingi zaidi katika ukanda wa joto, penye jua kali na unyevu. Sehemu kubwa ya methani ya dunia huvunjwa katika anga la ukanda huo, likiwemo anga letu. Kaboni monoksaidi inayotoka katika moto wa nyika hushindania haidroksili hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, Afrika ya kitropiki ni chanzo cha gesi haba na papo hapo ni mojawapo ya mahali zinaposafishwa.

Pasipo kituo hapana ushahidi

Umuhimu wa vituo ulidhihirika wazi mwaka 2018. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, uzalishaji wa kemikali ya CFC-11 ulipaswa kukoma duniani kote kufikia mwaka 2010. Wanasayansi walipochunguza kumbukumbu zao waligundua kwamba kasi ya kupungua kwake ilikuwa imelegea, ishara kwamba kuna mahali bado inazalishwa. Mwaka 2019 vipimo vya kituo cha Gosan nchini Korea Kusini na cha Hateruma nchini Japani vilionesha kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya ongezeko hilo ilitoka mashariki mwa China. Hatua zilichukuliwa, na kufikia mwaka 2021 tafiti zilionesha utoaji wa gesi hiyo umeshuka tena.

Kisa hicho kina funzo kwa nchi zetu. Chanzo cha mashariki mwa Asia kilionekana kwa sababu kulikuwa na vituo upande ambao upepo unaelekea. Sehemu iliyobaki ya ongezeko haikuweza kuelekezwa mahali fulani kwa uhakika, kwa sababu maeneo makubwa ya dunia, sehemu kubwa ya Afrika ikiwemo, hayakuwa na vituo vya kuyaona. Pasipo kituo, nchi haiwezi kuthibitisha kosa la jirani, wala haiwezi kujitetea inapodhaniwa kuwa yenyewe ndiyo yenye kosa.

Si kwamba Afrika Mashariki haikuwa na kitu kabisa. Tangu mwaka 1996 maputo yenye vipima ozoni yamekuwa yakirushwa kutoka Nairobi kwa ushirikiano wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na taasisi ya hali ya hewa ya Uswisi. Mwaka 1999 kilianzishwa kituo katika Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa mita 3,678, chini ya mpango wa uangalizi wa angahewa wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Hata hivyo, kwa eneo lenye mamilioni ya watu, misitu, maziwa na mabwawa makubwa, vituo hivyo vilikuwa vichache mno.

Pengo hilo lilizibwa kwa setilaiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia takwimu za setilaiti ulikadiria kwamba methani kutoka Afrika ya kitropiki iliongezeka kati ya mwaka 2010 na 2016, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilihusiana na mabwawa ya Sudd nchini Sudan Kusini. Setilaiti huona eneo pana, lakini huzuiwa na mawingu, na ili tafsiri ya takwimu zake iaminike inahitaji kulinganishwa na vipimo vya ardhini.

Safari ya Mugogo

Mwaka 2008 Rais Paul Kagame wa Rwanda alitembelea MIT na kutoa mhadhara kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika. Katika miaka iliyofuata, Serikali ya Rwanda na chuo hicho zilikubaliana kuanzisha kituo cha kudumu cha kupima gesi joto na vichafuzi vya hewa, kinachojulikana kama Kituo cha Uangalizi wa Tabianchi cha Rwanda. Mitambo ilisimikwa juu ya Mlima Mugogo, kaskazini mwa nchi, kwenye mwinuko wa mita 2,590, na vipimo vya mfululizo vikaanza Mei 2015. Kituo hicho kiliunganishwa na mtandao wa AGAGE na hivyo kuipa Afrika nafasi katika kumbukumbu ambazo kwa karibu miaka 40 zilikuwa zikiandikwa bila bara hili.

Gasore alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika kipindi hicho hicho, na kituo cha Mugogo kilikuwa msingi wa utafiti wake. Tasnifu aliyoikamilisha mwaka 2018 ilihusu kukadiria kiasi cha hewa ukaa na methani kinachotolewa Afrika ya Kati na Mashariki, kwa kutumia vipimo vya mara kwa mara pamoja na njia ya ukokotoaji wa kurudi nyuma.

Njia hiyo yaweza kuelezwa kwa mfano wa kijijini. Mtu aliyekaa uani husikia harufu ya chakula kinachoungua. Haoni jiko linalounguza, lakini anajua upepo unavuma kutoka upande gani, anajua majiko yaliyo upande huo, na anajua harufu huwa kali kiasi gani ikitoka karibu au mbali. Upepo ukigeuka na harufu ikatoweka, anazidi kuwa na hakika. Baada ya siku kadhaa za kuchunguza ataweza kusema ni jiko la nani.

Mwanasayansi wa angahewa hufanya vivyo hivyo kwa hesabu. Huanza na makadirio ya awali ya gesi inayotoka katika kila eneo, kisha hutumia takwimu za upepo kukokotoa kiwango kinachotarajiwa kuonekana kituoni. Kiwango hicho hulinganishwa na kile kilichopimwa. Penye tofauti, makadirio husahihishwa mpaka hesabu na kipimo vikubaliane kadiri inavyowezekana. Ili kazi hiyo iwe na maana, vipimo lazima viwe vya mfululizo, usiku na mchana, masika na kiangazi. Sampuli moja kwa mwezi haitoshi.

Ugumu wa kazi ya Mugogo haukuwa wa hesabu peke yake. Mitambo ya aina hii huhitaji umeme usiokatika, mitungi ya hewa ya ulinganisho, mafundi waliofunzwa na mtu wa kupanda mlima kila inapohitajika. Kituo hudumu pale tu wenyeji wanapokimiliki kwa ujuzi. Hapo ndipo uamuzi wa Dkt. Gasore wa kurudi nyumbani baada ya masomo unapata uzito wake. Alirejea Rwanda akawa mwanasayansi kiongozi wa kituo na mhadhiri wa fizikia.

Vipimo vilionesha nini

Mwaka 2019 Dkt. Gasore alikuwa miongoni mwa waandishi wa utafiti kuhusu ozoni, kaboni monoksaidi na masizi yaliyopimwa Mugogo. Masizi ni chembe nyeusi za moshi zinazofyonza mwanga wa jua, zikipasha hewa joto na kupenya ndani ya mapafu.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ingawa Mugogo ni kilele cha mlima katika nchi ambayo watu wake wengi huishi vijijini, viwango vya masizi katika miezi ya kiangazi vilikuwa juu kuliko vya miji mikubwa ya Ulaya. Wastani wa siku katika kiangazi ulikuwa takriban mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na zipo siku zilizozidi mikrogramu 17. Ozoni ya karibu na ardhi nayo ilifikia kilele katika kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Watafiti walibaini kwamba viangazi viwili vya Rwanda huangukia kwenye misimu miwili ya moto barani Afrika. Kati ya Desemba na Februari moto huwaka upande wa kaskazini mwa Ikweta, na kati ya Juni na Agosti huwaka upande wa kusini. Rwanda, ikiwa katikati, hupokea moshi wa pande zote mbili. Mvua zinaponyesha, moshi wa mbali huoshwa njiani, na kinachobaki ni kile cha karibu: majiko ya kuni na mkaa, magari na uchomaji wa taka. Kwa kutumia tofauti hiyo, watafiti walikadiria kwamba vyanzo vya karibu huchangia hadi asilimia 35 ya wastani wa masizi ya mwaka. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka mbali.

Tafsiri yake kisera ni nzito. Nchi inaweza kudhibiti magari na majiko yake yote, lakini hewa yake ikaendelea kuchafuka kutokana na moto unaowaka nje ya mipaka yake. Upepo hauna hati ya kusafiria. Usimamizi wa hewa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki unahitaji ushirikiano kama ule unaotumika katika maji ya Ziwa Victoria.

Umuhimu wake kwa Tanzania

Kila nchi mwanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi hutakiwa kuwasilisha hesabu ya gesi joto inazozalisha. Mahali ambapo takwimu za nchi hazipo, mwongozo wa Jopo la Kimataifa la Wataalamu wa Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) huruhusu kutumia viwango vya jumla. Kwa mfano, mwongozo wa mwaka 2006 ulimkadiria ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kuwa hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Kiwango hicho kimoja kinamhusu ng'ombe wa asili anayechungwa Kintinku, anayekonda kiangazi na kunenepa masika, na pia ng'ombe anayenenepeshwa kwa nafaka katika nchi nyingine ya bara hili.

Makadirio ya namna hiyo yana nafasi yake, lakini hayatoshi pale fedha na wajibu wa nchi vinapohusika. Katika mchango wake wa kitaifa wa mwaka 2021, Tanzania ilijiwekea lengo la kupunguza gesi joto kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2022 Serikali ilitunga Kanuni za Usimamizi na Udhibiti wa Biashara ya Kaboni, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro. Katika biashara hiyo mnunuzi hulipia tani zilizothibitishwa. Kijiji kinachotunza msitu wake kinapolipwa, malipo hutegemea namba, na mwenye namba zake mwenyewe hujadiliana akiwa na nguvu kuliko anayezisomewa.

Vivyo hivyo kwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Vipimo vya hewa ndivyo vitakavyoonesha kwa ushahidi kama masizi na kaboni monoksaidi vimepungua kweli.

Kintinku katika hesabu hiyo

Shughuli za Kintinku zinagusa karibu kila gesi iliyotajwa katika makala hii. Katika mashamba ya mpunga yanayotuama maji, vijidudu vinavyoishi kwenye tope lisilo na oksijeni hutoa methani. Tumbo la ng'ombe, mbuzi na kondoo hutoa gesi hiyo hiyo. Moto wa kusafisha mashamba hutoa masizi na kaboni monoksaidi. Samadi na mbolea huchangia naitrasi oksaidi.

Ikumbukwe kwamba mchango wa kaya moja ya Kintinku ni mdogo mno ukilinganishwa na wa kaya katika nchi yenye viwanda vingi, na hakuna sababu ya kumbebesha mkulima mdogo lawama isiyo yake. Lakini zipo hatua ambazo humnufaisha kwanza yeye mwenyewe. Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho wakulima wa Mkindo mkoani Morogoro wamekifanyia kazi kwa miaka mingi, huacha shamba likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu hupunguza methani kwa takriban theluthi moja hadi nusu, na pia huokoa maji, jambo lenye thamani katika ukanda wenye msimu mmoja wa mvua. Hufaa pale mkulima anapoweza kuyadhibiti maji. Katika majaruba yanayotegemea mafuriko ya mvua peke yake, miundombinu ya umwagiliaji lazima itangulie.

Kuhusu moto, mabaki ya mazao yanayochomwa ni malisho na mboji inayopotea. Yakiachwa shambani hufunika udongo na kuhifadhi unyevu. Yakikusanywa huwasaidia mifugo kuvuka kiangazi. Kila shamba lisilochomwa hupunguza moshi unaovutwa na watoto wa kijiji kile kile kabla haujavutwa na mtambo wa Mugogo.

Kutoka kilele cha mlima hadi wizarani

Uteuzi wa Dkt. Gasore kuongoza Wizara ya Miundombinu ya Rwanda ulimtoa kwenye kupima moshi ukamweka kwenye vyanzo vyake, kwa kuwa wizara hiyo husimamia usafiri, nishati na makazi. Mji mkuu wa nchi yake tayari ulikuwa umejiandika katika historia ya gesi haba. Tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana huko Marekebisho ya Kigali ya Mkataba wa Montreal, yanayolenga kupunguza gesi za hidrofluorokaboni zinazotumika katika majokofu na viyoyozi, baadhi zikiwa na nguvu ya kupasha joto inayozidi ya hewa ukaa kwa zaidi ya mara 1,000. Marekebisho hayo yalianza kutumika Januari 1, 2019, na utekelezaji wake utahitaji kuthibitishwa kwa vipimo, kama ilivyokuwa kwa CFC-11.

Safari ya mwanasayansi huyu inatoa funzo kwa vijana wa Kitanzania wanaosoma fizikia, kemia na hisabati, wakiwemo wa shule za kata kama za Manyoni. Sayansi ya angahewa inahitaji maabara na fedha, lakini kwanza inahitaji watu wa nchi yenyewe walio tayari kukaa na mitambo mwaka baada ya mwaka na kuandika namba isiyopendeza kama wanavyoandika ile inayopendeza.

Kiangazi kijacho moshi utapanda tena juu ya bonde la Kintinku na kuchukuliwa na upepo. Njiani utavuka anga la mikoa kadhaa ya Tanzania ambako haupimwi kwa mfululizo, mpaka ufike kwenye kilele cha jirani ambako utaandikwa. Siku Tanzania itakapokuwa na vituo vyake katika njia hiyo, hesabu ya hewa yetu itaanzia hapa inapotoka.